Wachache gani, mwanangu?

Mwanangu Zuhura,

Hatujambo huku. Baba yako karudi shamba jana, na bibi anauliza kama baridi imeshaanza huko kwenu.

Unasema darasani mmoja wenu alitetea Seneti ya Marekani kwamba iliwekwa ili kuwalinda wachache, nawe ukakosa la kumjibu. Jimbo la Wyoming lenye watu wasiofika 600,000 lina maseneta wawili, na jimbo la California lenye karibu milioni 40 lina wawili vilevile. Unaniuliza: kama tumekulea kwa "wengi wape", hiyo ni demokrasia au ni nini?

Kwanza, asikutishe na majina ya waasisi. James Madison, ambaye wote humtaja, aliupinga mpango huo wa kura sawa kwa kila jimbo. Ulipita kwenye mkutano wa kutunga Katiba huko Philadelphia, Julai 1787, kwa majimbo matano dhidi ya manne, kwa sababu majimbo madogo yalikataa katakata kukubali vinginevyo. Yalikuwa mapatano ya watu waliochoka kubishana. Falsafa ilitafutwa baadaye.

Madison kweli aliwahofia wengi. Katika makala yake maarufu ya mwaka huohuo ya kuitetea Katiba, alisema kikundi kidogo chenye nia mbaya hakimsumbui sana, maana wengi watakishinda kwa kura. Kinachotisha ni wengi wenyewe wakiungana kudhulumu. Lakini dawa aliyoitoa pale haikuwa kuwapa wachache turufu ya kuwazuia wengi. Alitegemea ukubwa wa nchi: wadai na wadaiwa, wenye mashamba, wenye viwanda, wafanyabiashara, madhehebu ya kila namna. Katika mchanganyiko huo ni vigumu watu walewale kuwa wengi katika kila jambo. Leo umeshindwa na fulani, kesho wewe na yeye mnataka jambo moja, mnapiga kura pamoja.

Turufu aliitaka mtu mwingine, John C. Calhoun wa South Carolina, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais. Huyu msome kwa makini, mwanangu, kwa sababu anaandika vizuri. Anasema kuhesabu vichwa peke yake ni udhalimu, na kila fungu kubwa la maslahi lazima liwe na uwezo wa kuzuia sheria inayoliumiza. Ukifunikwa jina la mwandishi, unaweza ukaitikia kwa kichwa ukurasa baada ya ukurasa. Halafu uliza wachache hao ni akina nani. Ni wenye watumwa. Katika jimbo lake mwenyewe, alipofariki mwaka 1850, watumwa walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wote. Kwa hiyo bwana huyu, aliyelia kwamba wengi wa kaskazini watamwonea, kwake alikuwa anawatawala wengi wasio na kura hata moja. Hilo vitabu vingi hulipita haraka mno.

Mwaka 1964 wimbo ukawa uleule. Maseneta wa kusini walizungumza kwa zamu zaidi ya miezi miwili ili Sheria ya Haki za Kiraia, ya kukataza ubaguzi, isipigiwe kura, hadi Seneti ilipopiga kura, 71 dhidi ya 29, ya kuwafunga mdomo. Walikuwa wachache ndani ya Seneti, ndiyo. Na Weusi waliokuwa wakibaguliwa kule kwao, hao walikuwa wangapi ndani ya Seneti? Hakuna hata mmoja.

Sasa walinganishe na watoto wa Mashahidi wa Yehova waliokataa kuipigia bendera saluti shuleni. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu, majaji wanane dhidi ya mmoja, iliruhusu wafukuzwe. Mwaka 1943, katika shauri la West Virginia, ikajigeuza, sita kwa watatu, na Jaji Robert Jackson akaandika kwamba haki za msingi hazipigiwi kura. Watoto wale hawakumzuia mtu kupiga saluti yake. Walitaka waachwe.

Mimi hapo ndipo ninapokata shauri: mchache anayeomba asiguswe nitamtetea, na anayeomba aendelee kuwashika wenzake sitamtetea hata kama ni mmoja. Kati ya hao wawili kuna mengi yasiyokaa upande wowote, na Wyoming ni mojawapo. Watu wake hawamkandamizi mtu, ila maseneta wao huwapitisha majaji watakaowahukumu watu wa California.

Mwenzako akisema bila Seneti wachache watamezwa, mwulize kuhusu Illinois. Kwa zaidi ya miaka 100, hadi 1980, kila eneo lilichagua wawakilishi watatu katika bunge la chini la jimbo, na mpiga kura aliweza kumpa mgombea mmoja kura zake zote tatu. Chama kidogo hapo kikawa kinapata mtu wake bungeni, bila uwezo wa kuwazuia wengi kutunga sheria. Sijui kwa nini mfano huo hautajwi zaidi. Ukiupeleka darasani, niandikie walivyokujibu.

Mama yako