Mada ya kikao cha jarida itafute wodini

Wiki iliyopita daktari mwanagenzi wa hapa Kisumu aliniandikia: "Daktari, Alhamisi ni zamu yangu kwenye kikao cha jarida. Nitafute utafiti mpya kabisa?" Kwenye kikao hicho daktari mmoja huwasilisha utafiti uliochapishwa, na wenzake wakaujadili. Najua mko wengi mnaojiuliza hivyo, maana kila mmoja wetu anatamani daktari bingwa amkumbuke kwa jina.

Mdogo wangu, anza na mgonjwa mliyebishana juu yake. Jarida litafuata.

Nikiwa wodi ya watoto, usiku mmoja aliletwa mtoto mwenye homa kali, anahema, mikono na miguu baridi. Mwenzangu akataka dripu iende mbio. Muuguzi mmoja mkongwe akashika kirekebisho cha mrija kwa kidole gumba, akasema, "Polepole daktari, huyu hakuharisha." Wakabishana pale pale kitandani, nami nikapata mada.

Nikauchukua utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, zaidi ya nusu yao wakiwa na malaria kama hawa wetu wa kando ya ziwa. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: ndani ya saa 48, takriban 10.5% dhidi ya 7.3% ya wasiomiminiwa. Wenye kuhara na utapiamlo mkali hawakuingizwa. Muuguzi alikuwa ameligusa jambo lenyewe.

Nilipopendekeza mada hiyo, mkubwa mmoja alinijibu mbele ya wenzangu: "Hiyo ni ya zamani. Tuletee kitu cha Marekani." Maneno yale yananiuma mpaka leo. Niliwasilisha hivyo hivyo. Wauguzi walikuja kusikiliza, wengine wamesimama mlangoni, na mjadala ukapita muda wa chakula cha mchana. Najivunia kikao kile kuliko cheti chochote nilichonacho.

Kwa hiyo tazama kwanza waliochunguzwa wanafanana na wagonjwa wako au la, na soma ni nani waliachwa nje kabla hujafika kwenye matokeo. Uliza pia kama dawa yenyewe ipo kwenye famasia yetu. Wenzako wametoka zamu wamechoka. Usiwakalishe saa nzima kwa tiba ambayo hawataiandika kwenye faili la mtu yeyote mwaka huu. Heshimu muda wao, heshimu na wagonjwa.

Na kama hukumbuki ubishi wowote, pita wodini leo jioni umuulize muuguzi wa zamu ya usiku ni agizo gani la daktari linalomtia wasiwasi kila anapolitekeleza.