Gari la Kusini: Mafuta Kidogo, Mzigo wa Kutosha

Korosho zikishapita mnadani na pesa kuingia, watu wa Mtwara na Lindi huanza kuulizana bei za magari. Maswali haya yametoka kwa wasomaji wanaojiandaa kununua, na karibu wote wanataka gari lisilokula mafuta lakini mzigo liupokee.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Masasi. Tuko watano nyumbani, na kila Desemba tunakwenda Dar kwa wazazi na korosho, unga wa muhogo, mabegi na godoro. Mume wangu anataka Noah, mimi naona Probox inatosha. Tufuate lipi?

Marahaba mwalimu. Mimi niko upande wako, ila kuna sharti.

Kutoka Masasi hadi Dar ni takribani kilomita 600. Noah ya cc 2000 iliyojaa watu na mizigo, tuseme inakwenda kilomita 10 kwa lita: hapo umechoma lita 60. Probox ya cc 1500 ikienda kilomita 15 kwa lita, ni lita 40. Kwenda na kurudi umeokoa lita 40. Lakini safari hiyo ni ya mara moja kwa mwaka. Miezi mingine yote gari linakwenda shuleni, sokoni na hospitali, na Noah itakuwa inazungusha siti tupu kwa mafuta yako. Gari linunuliwe kwa kazi ya kila siku. Siku ya mzigo mkubwa itafutiwe njia yake.

Sasa sharti. Watu huisifia Probox kwa sakafu yake ndefu, karibu mita 1.8, wakisahau kwamba urefu huo unaupata siti za nyuma zikiwa zimelazwa. Watoto wakikaa, inabaki kama mita moja hivi. Uzito nao unapungua: Probox za mwanzo, zilizotoka 2002, Toyota walizipangia mzigo wa kilo 400 wakipanda watu wawili, na kilo 250 wakipanda watano. Tena siti ya nyuma ni nyembamba na imesimama wima. Kwa mtoto anayekaa humo kutwa nzima mpaka Kibiti, hayo ni mateso ya kweli. Kaeni wote ndani yake, wewe na mume wako mkae nyuma, kabla ya kutoa pesa. Mkiona hapafai, tazameni Fielder ya cc 1500. Buti lake ni dogo kidogo, lakini siti zake ni za abiria hasa, na mafuta hayapishani sana na ya Probox.

Godoro na gunia la pili la korosho tumeni kwa basi. Ni nafuu kuliko kununua gari zima kwa ajili ya godoro.

Mimi mama muuza samaki. Nachukua samaki feri hapa Mtwara, napeleka Masasi mara mbili kwa wiki, madeli manne ya lita 100. Nimeshauriwa ninunue kirikuu, ile pikapu ndogo.

Mama, kirikuu ni gari zuri kwa kazi za mjini. Kutoka feri hadi Mikindani au Chikongola sina neno. Kwa Masasi ninasita. Injini yake ni cc 660 na mzigo wake ni kilo 350. Deli la lita 100 likijaa samaki na barafu halipungui sana kilo 90, kwa hiyo madeli manne yameshapita kiwango. Kilomita 200 za lami ukiwa umezidisha mzigo, injini inalia mwendo wote, na ile sifa ya kutokula mafuta inaishia njiani. Breki nazo zinachoka, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Tafuta Townace ya bodi wazi nyuma, ya cc 1500, iliyotoka kuanzia 2008. Inabeba kilo 750 hadi 800 kutegemea toleo. Itakula zaidi kidogo ya kirikuu, ila gawa mafuta kwa kilo za samaki utaona faida iko wapi.

Na lolote utakalonunua, usiache maji ya madeli yamwagike sakafuni. Funga mpira mwembamba kwenye tundu la deli, uupitishe hadi nje ya bodi, na kila ukirudi mwagia gari maji ya bomba, chini hasa, kwenye chesi. Maji ya samaki yana chumvi, na kutu huanzia pale usipopaona.

Gesi inatoka kwetu, Mnazi Bay. Kwa nini nisifunge mfumo wa gesi kwenye IST yangu?

Waza buti kwanza. Mtungi wa gesi hukaa humo humo, na IST haina buti la kugawana na mtungi. Ukishaufunga umebaki na nafasi ya mkoba na kikapu. Pia uliza kituo cha kujazia kiko umbali gani na nyumbani kwako, maana kisima kuwa jirani si sawa na pampu kuwa jirani. Kwa mwenye gari la buti kubwa anayezunguka mjini kutwa karibu na kituo, hesabu inalipa. Kwako, kwa sasa, hapana.

Niko Lindi mjini, kila wiki naenda Dar. Fielder ya haibridi itanipunguzia mafuta?

Itapunguza, lakini usitarajie makubwa. Haibridi, yaani gari la petroli linalosaidiwa na mota ya umeme, huokoa zaidi pale unaposimama na kuondoka, kwa sababu inarudisha umeme kwenye betri kila unapopunguza mwendo. Kwenye foleni za Mbagala utaiona faida, ila kati ya Nangurukuru na Somanga hakuna foleni. Ukiinunua, jua kwamba betri kubwa inapozwa kwa hewa inayoingia kwenye tundu lililo karibu na siti ya nyuma. Usilizibe kwa mabegi, na fundi alisafishe vumbi. Hilo ni kosa la kawaida la watu wanaojaza mizigo.

Keria juu ya gari inaongeza mafuta?

Inaongeza, hata ikiwa tupu. Ukitoka mwendo wa 80 kwenda 100, upinzani wa upepo unapanda kwa zaidi ya nusu, na keria inazidisha. Ifungue ukimaliza safari.

Sisi vijana wa Mtwara, wikiendi tunapenda kwenda Msimbati na mahema, majiko na nyavu. Lazima tununue gari la kuvuta miguu yote minne?

Hapana, vijana wangu. Mfumo huo unaongeza uzito, na uzito ni mafuta, siku zote za wiki. Gari la kawaida linafika. Liacheni kwenye udongo mgumu, mizigo mbebe mkononi hadi ufukweni. Mkilazimika kuingia kwenye mchanga, punguzeni upepo wa matairi, msisimame katikati, na mkanyage mafuta taratibu. Muwe na pampu ya kujaza upepo tena kabla ya kurudi barabarani, kwani tairi laini kwenye lami hula mafuta na huweza kupasuka.