Vibarua wa brashi ya mkonge wamesaini kuwa wakiumia ni juu yao. Je, nimesalimika?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina banda dogo Pongwe, hapa Tanga. Nanunua singa (nyuzi) za mkonge, tunazipiga brashi, halafu tunafunga marobota. Vibarua wangu ni 12, nawalipa kwa siku, hawana mikataba. Nimewanunulia barakoa za kitambaa na kila mmoja amesaini karatasi kwamba akiumia ni juu yake. Jirani ananitisha kuwa OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) wakija watanifungia. Kweli? Na wanaruhusiwa kuingia bila kunipa taarifa?

JIBU: Marahaba. Nianze na hiyo karatasi, maana ndiyo inayokudanganya. Haina nguvu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama, na wajibu huo haufutwi na saini ya mtu anayetafuta hela ya unga. Tena inaweza kukugeuka: siku kibarua akikatwa vidole, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kuwa hatari uliijua mapema. Hilo la kuwaita vibarua nalo lisikupe usingizi. Anayefanya kazi kwa maelekezo yako na kwa ujira wako ni mfanyakazi wako, hata kama analipwa mkononi jioni.

Sasa vumbi, ambalo kwenye banda la brashi ndilo jambo kubwa kuliko yote. Kitambaa kinazuia nyuzi zinazoonekana kwa macho. Chembe ndogo zinazoshuka mpaka mapafuni zinapita. Kwa hiyo ulichonunua hakitoshi, lakini pia usikimbilie kununua barakoa nyingine kwanza. Katika kazi yetu barakoa huja mwisho. Anza na chanzo: funika ngoma inayozunguka ya mashine ya brashi kwa bati, ubakize mdomo wa kuingizia singa tu, na karibu na mdomo huo weka feni ya kufyonza yenye bomba linalopeleka vumbi kwenye mifuko ya kukusanyia (si uani kwa huyo jirani). Mapangaboi hayasaidii, yanalitawanya. Marufuku pia ile tabia ya kujipuliza nguo kwa kompresa wakati wa kutoka. Ukishafanya hayo ndipo uwape barakoa za N95 au FFP2 (zinazochuja chembe ndogo), na usimkate mtu hata senti: vifaa vya kinga ni gharama ya mwajiri.

Mikanda na puli zote ziwe na vizuizi. Anayelisha brashi asizungushe singa kwenye kiganja, kwa sababu ngoma ikivuta, mkono unafuata. Khanga na mikono ya shati inayoning'inia isikaribie pale. Mashine ikikwama, swichi kuu izimwe na ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao yule anayeingiza mkono, si msimamizi. Haya waeleze kwa vitendo kabla hawajagusa mashine, kisha uandike nani kafundishwa na lini.

Moto sihitaji kukueleza. Unajua singa kavu inavyoshika. Mitungi ya kuzimia moto, njia mbili za kutokea zisizozibwa na marobota, hakuna sigara bandani.

Kuna jambo waajiri wengi huliruka: kupima afya. Mfanyakazi apimwe anapoanza, apimwe mara kwa mara akiwa kazini, na apimwe anapoondoka, kwa gharama yako. Kwako wewe kipimo cha mapafu ndicho cha maana zaidi. Bila kipimo cha mwanzo, mtu akija miaka mitano baadaye na kifua kinachobana, utajuaje alikuja nacho au alikipata kwako?

Halafu jisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango ni asilimia 0.5 ya jumla ya ujira unaolipa kwa mwezi, na hautoki mfukoni mwa kibarua. Mtu akiumia, toa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7. Madai yenyewe yana ukomo wa miezi 12. Weka daftari la malipo ya kila siku, kwa sababu bila kumbukumbu za ujira kukokotoa fidia ni mtihani.

Kuhusu jirani yako: mkaguzi anaweza kusimamisha mashine au kazi yenye hatari ya wazi, hilo ni kweli. Kasoro nyingine kwa kawaida hupewa maelekezo na muda wa kuzirekebisha. Utakuwa mahali pabaya zaidi akikuta hujasajili hata eneo lako la kazi OSHA, kwa hiyo hilo lifanye wiki hii, ukiambatana na tathmini ya hatari ya maandishi, hata ya kurasa mbili. Na ndiyo, anaruhusiwa kuingia bila taarifa. Akifika, mkaribishe, na kabla hajasogelea brashi mpe na yeye barakoa.