Krismasi za TV moja, na bahari ambayo mama hakuiona ikigawanyika

Mleta uzi ameuliza kama kuna anayekumbuka zile sikukuu za nyumba moja, TV moja, watu arobaini, na kwa nini siku hizi hazina ladha. Naona wengi mmeshahukumu kwamba simu ndizo zimeharibu. Mimi nakumbuka vizuri sana, wakuu, ila Desemba iliyopita nilimuuliza mama yangu swali hilohilo na jibu lake limenivuruga. Nitafika huko, vumilieni.

Kwetu ni Rombo, Kilimanjaro, mpakani na Kenya. Ndiyo, sisi ndio wale Wachaga wa kurudi kijijini kila Desemba, mnaotutania eti tunakwenda kuhesabiwa, chekeni yaishe. Nimekulia Dar, lakini shule zikifungwa tulikuwa tunapakiwa kwenye basi pale Ubungo na mzigo wa mchele, sukari na mashuka ya bibi: Chalinze, Korogwe, Same, Himo, halafu mlima unaanza na masikio yanaziba. Kwa babu tulikuwa tunakutana wajukuu ambao mwaka mzima hatujaonana, wengine hata majina tumeshasahauliana.

Kwa vijana msiokuwepo: Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni mpaka 1994, ITV na wenzake walipoanza. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, tena ya rangi, ndiyo maana matajiri wa Dar walisimika milingoti mirefu ya antena kuitafuta TVZ, televisheni ya Zanzibar, ng'ambo ya maji. Sisi huku mpakani antena tuliigeuzia Kenya. KBC, televisheni ya taifa ya kule, ilikuwa inakuja siku ikijisikia, siku isipojisikia ni chenga mwanzo mwisho. Nilimjua Ojwang na Mama Kayai wa Vitimbi, kile kipindi chao cha vichekesho, kabla sijamjua mwigizaji yeyote wa Dar.

TV yenyewe ilikuwa ya chogo, inchi 14, nyeusi na nyeupe, babu aliletewa na baba mkubwa mwaka 1995. Umeme kihambani kwetu, yaani kwenye shamba la ukoo, haukuwa umefika, kwa hiyo ilikuwa inakula betri ya gari. Hiyo betri ndiyo iliyokuwa Krismasi yenyewe, nasema kweli. Siku mbili kabla, wajukuu wa kiume tulikuwa tunaisukuma kwa toroli mpaka kwenye mashine ya kusaga, mwenye mashine anaichaji usiku kucha, kesho yake tunaifuata. Kurudi ni kupanda mlima, na tope la Desemba mnalijua. Aliyesukuma toroli alikuwa na haki ya kukaa mstari wa kwanza kwenye mkeka, na haki hiyo ililindwa kwa ngumi.

Swichi ilikuwa ya babu. Haiwashwi mpaka watu wametoka kanisani, wamekula, wazee wameshapata mbege yao, pombe ya ndizi, na giza limeanza kuingia. Kaka yangu mmoja anakuwa nje ameshika mlingoti, sisi ndani tunapiga kelele: "Hapo hapo! Umepitiliza! Rudisha kidogo! Usihemee!" Majirani wamejaa dirishani. Betri ikianza kuchoka, picha ilikuwa inasinyaa kutoka pembeni, inaingia ndani taratibu, Ojwang anakonda mbele ya macho yetu mpaka anabaki kama fimbo, halafu anazimika. Hapo hakuna wa kulaumu. Mnabaki gizani mnabishana angesema nini.

Krismasi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya 1997, mwaka wa Elinino. Barabara zilikuwa zimechakaa kwa mvua, baba mdogo alitoka Dar akafika kwetu siku ya tatu, tarehe 24 usiku, tope mpaka kifuani. Lakini alikuwa amebeba deki ya video, jenereta dogo la kuazima, TV ya rangi, na mikanda miwili ya ile sinema ya Amri Kumi, ya 1956, yenye Charlton Heston kama Musa. Inachukua karibu saa nne. Kijiji kizima kilikuwa na habari kabla jogoo hajawika.

Tuliiangalia jioni ya Krismasi. TV ilitolewa kibarazani maana ndani watu wasingeenea. Baba mdogo alikuwa anatafsiri, na nina hakika mengi alikuwa anatunga, kwa sababu Farao alisema maneno ambayo hata kwa Kiswahili yasingepita kanisani. Kule mtaani kwetu steringi lazima awe na ngumi, kwa hiyo mwanzoni Musa alitusumbua kidogo, hatukuelewa anangoja nini. Ila fimbo ilipogeuka nyoka kelele zilifika Tarakea.

Basi. Waisraeli wametoka, wamefika baharini, Farao na magari yake anatimua vumbi nyuma yao. Musa anapanda kwenye jiwe, ananyanyua mikono. Jenereta likakohoa mara mbili, kimya. Petroli imeisha. Na petroli ya karibu iko Himo.

Sijawahi kusikia watu wazima wakilia namna ile kwa sababu ya sinema. Ndipo babu akasimama. Alikuwa katekista mstaafu, kitabu cha Kutoka alikuwa anakijua kwa kichwa. Akasogea mbele ya ile TV iliyokufa, akamalizia. Akaigawa bahari kwa mikono yake miwili, akawavusha watu, akaita magurudumu ya magari yachomoke moja moja, akayarudisha maji. Taa ya chemli ilikuwa nyuma yake, kivuli kimefika darini. Mpaka leo Yul Brynner, yule Farao wa kwenye sinema, akifungua mdomo mimi nasikia sauti ya babu yangu.

Miaka yote nimekuwa nikiisimulia hadithi hii kama ushahidi kwamba zamani tulikuwa na kitu ambacho watoto wetu hawana. Nimeisimulia kazini, nimeisimulia kwenye vikao vya harusi. Desemba iliyopita tukiwa Rombo nikaianza tena, mama yuko pembeni, nikamwambia, "Mama, unaikumbuka ile usiku babu alivyomalizia sinema?"

Akaniangalia. "Sinema gani, baba? Mimi nilikuwa naosha utumbo."

Nikacheka, nikadhani utani. Akaendelea kumenya ndizi zake. "Tulichinja mbuzi wawili siku ile, wageni wakazidi, baba yenu mkubwa akaongeza wa tatu saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nasikia tu mnapiga kelele huko mbele. Nikamwambia shangazi yenu, hawa wakipiga kelele hivi watakula sana leo."

Wakuu, nilikaa kimya. Nikaanza kuipitia ile picha kichwani. Babu kwenye kochi, wazee kwenye viti, vijana ukutani, watoto mkekani, majirani uani. Bibi? Hayupo. Mama? Hayupo. Shangazi, wake za baba zangu, dada zangu wakubwa? Hakuna. Arobaini ninaowahesabu kila siku ni wale waliokaa. Miaka ile yote, betri ile niliyoisukuma kwa toroli, mama yangu hajawahi kumwona Ojwang akikonda.

Kwa hiyo mkiniuliza simu zimeharibu nini, nitawajibu kwanza tukubaliane nani alikuwa anafurahi. Na hili la lawama si jipya. Bibi alikuwa anasema redio ndiyo iliyoua hadithi. Babu aliponunua redio yake, ile ambayo betri zake zilikuwa zinaanikwa juani bati zima zikiisha nguvu, watu waliacha kukaa jikoni kutega vitendawili, wakahamia sebuleni kusikiliza salamu za sikukuu kutoka Radio Tanzania. Kila kifaa kilichoingia nyumba ile kilikuta mtu analalamika, na kila kilipotoka kiliacha mtu anakililia.

Baada ya babu kufariki mambo yalibadilika harakaharaka, sitawachosha. Zikaja VCD, mkanda unakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ununue mara mbili. Zikaja sinema za Bongo, na nawaambia, hizo ndizo zilizowatoa shangazi zangu jikoni kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtu alikuwa anaelewa bila kutafsiriwa na baba mdogo. Pasaka ya 2012 ukoo wetu ulikuwa Rombo kwa msiba mwingine wa kwetu. Alfajiri ya Jumamosi Kuu, tarehe 7 Aprili, tukapata habari Kanumba, yule mwigizaji nyota wa sinema za Bongo, amefariki. Siku zile zote TV ilikuwa wazi, na Jumanne alipozikwa Kinondoni nyumba nzima ilikuwa imeizunguka, wanaume kwa wanawake, sufuria zimeachwa jikoni zinaungua. Mama alilia kama amefiwa na mdogo wake. Nadhani ndiyo siku pekee niliyoona sisi wote, bila kubaki mtu, mbele ya kioo kimoja. Sitaiita sikukuu, lakini mkiniuliza kukusanyika, ndiyo hiyo.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, tarehe 31 Desemba, mitambo ya analojia ikazimwa Dar, mikoani ikafuata kwa zamu. Ile TV ya chogo ikawa haina faida bila king'amuzi, ikahamia stoo, kuku akaatamia juu yake miaka miwili. Sasa kwa babu kuna umeme, kuna bapa ukutani, kuna chaneli hata sijui idadi, na Krismasi moja ya karibuni kifurushi kiliisha saa nane mchana katikati ya mchezo. Watu watano wakatoa simu walipie, lakini kabla hawajakubaliana nani analipa, kila mtu akawa ameshaangalia cha kwake mkononi. Hapo namwelewa mleta uzi, kabisa. Enzi ya petroli kuisha, giza lilitukuta wote pamoja. Kifurushi kikiisha, kila mtu ana mwanga wake.

Nikawaza basi nimlipe mama deni. Mwaka huu tumekodi wapishi, vijana wanne kutoka Mkuu, wanakuja na masufuria yao, wanapika, wanaosha, wanaondoka. Kundi la ukoo la WhatsApp lilichanga, pesa za mbuzi zikatumwa kwa M-Pesa wiki mbili kabla, kila kitu kimepangwa. Nikaitafuta Amri Kumi, nikaiweka kwenye fleshi, nzima, haikatiki popote. Jioni ya Krismasi nikamkalisha mama kwenye kochi la babu, shangazi pembeni yake, nikawafunika miguu kwa khanga, nikawasha. Nikamwambia, "Mama, leo utaiona mpaka mwisho."

Alijitahidi, sitamsingizia. Aliuliza yule mtoto kwenye kapu ni nani, nikamwambia ni Musa, akasema kapu lenyewe limesukwa vizuri. Shangazi akauliza kwa nini wote wamevaa shuka. Wajukuu wawili walikaa dakika kumi, wakahamia chumbani na simu zao. Baada ya kama nusu saa mama akanyanyuka. "Naenda kuwaangalia wale vijana, mtori wao wataumwagia maji." Shangazi akamfuata. Nikajua wanarudi sasa hivi.

Nikasubiri. Nikasimamisha sinema, nikasubiri tena, nikaiendeleza. Mapigo ya Misri yakapita. Baadaye nikatoka kwenda kuwaita. Walikuwa uani nyuma ya jiko, mama, shangazi, mama mkubwa na wake wawili wa baba zangu wadogo, kila mmoja kwenye kigoda, wapishi wamesukumwa pembeni na hata hawajui la kufanya. Hakuna aliyekuwa anapika chochote. Shangazi alikuwa anasimulia kitu kuhusu baba mdogo na lile jenereta la 1997, kitu ambacho sijawahi kukisikia maishani mwangu, na mama alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kitenge kwa kucheka. Waliponiona wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Umemaliza sinema yako, baba?" mama akaniuliza.

Nikasema bado. Nikauliza mnacheka nini. Mama mkubwa akajibu, "Ya jikoni hayo," na wakaangua tena.

Nikarudi sebuleni. Bahari ikagawanyika vizuri kabisa, kwa rangi, maji yamesimama huku na huku kama ukuta, na sikuweza kusikia anachosema Musa kwa kelele za kicheko zilizokuwa zinapenya ukutani.