Nakala ya pili isijifunge kabla ya kujibiwa

Lengo hapa ni programu iwe na nakala moja tu inayotembea: ikizinduliwa tena, nakala ya pili iikabidhi ya kwanza faili yake, kisha iondoke. Mtumiaji anachagua faili 12 kwenye Explorer na kubonyeza Enter. Ikiwa programu yako imesajiliwa kwa amri ya kawaida yenye "%1" (nafasi ya jina la faili moja), Windows haiiti mara moja na kuikabidhi orodha nzima. Inaanzisha michakato 12, kila mmoja na faili yake, yote kufumba na kufumbua. Msimbo uliofanya kazi vizuri ulipojaribiwa kwa kubofya polepole unaanza kufungua madirisha mawili, au unameza faili tatu kimyakimya.

Mara nyingi chanzo ni kufanya kazi mbili kana kwamba ni moja. Kuna kuamua nani kafika kwanza: hiyo ni kazi ya kufuli. Kisha kuna kumpelekea ujumbe huyo aliyetangulia: hiyo ni kazi ya bomba au soketi, njia ambazo michakato huzungumzia. Zitenganishe tangu mwanzo.

Kufuli iwe kitu ambacho kerneli (kiini cha mfumo endeshi) yenyewe hukiachia mchakato unapokufa, hata ukifa vibaya. Kwa hiyo faili yenye namba ya mchakato ndani yake haifai. Umeme ukikatika faili inabaki, na namba ile ile inaweza kupewa mchakato mwingine kabisa. Programu yako itagoma kufunguka kwa sababu ya kikokotoo kilichopewa namba hiyo.

Kwenye Windows, maelezo mengi yanafundisha kuita CreateMutex, inayotengeneza kufuli iitwayo mutex, kisha kuangalia kama GetLastError inarudisha 183, yaani kitu hicho tayari kipo. Inafanya kazi, mpaka nakala ya pili itakapoanza kusubiri na kujaribu tena. Kumbuka kwamba nayo sasa inashikilia mpini wa mutex ile ile, hivyo mutex haifutiki hata ya kwanza ikiondoka. Nakala kadhaa zinaweza kuwekeana hai kitu ambacho hakina mwenyewe. Bora uulize umiliki, si uwepo: ita WaitForSingleObject kwa muda wa sifuri. Ukipata WAIT_OBJECT_0 au WAIT_ABANDONED, wewe ndiye wa kwanza. Hilo la pili lina maana kuwa mmiliki wa awali alikufa bila kuachia. Umiliki huo ni wa uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya mchakato), si wa mchakato wote, basi uchukue kwenye uzi mkuu ambao utaishi mpaka mwisho. Jina lianze na Local\ ili kila kikao cha mtumiaji kiwe na nakala yake. Global\ itamfungia mlango mtu wa pili aliyeingia kwenye mashine hiyo hiyo. Wa .NET waiweke mutex kwenye sehemu tuli ya darasa. Ikibaki kigeu cha ndani ya mbinu, mkusanya taka, anayesafisha kumbukumbu isiyotumika, anaweza kuifagia huku programu bado inatembea.

Kwenye Linux, fungua faili ndani ya folda inayotajwa na XDG_RUNTIME_DIR, kisha uiwekee kufuli kwa flock ukitumia LOCK_EX (ya mmoja tu) na LOCK_NB (bila kusubiri). Weka O_CLOEXEC wakati wa kuifungua, ili programu unazozizindua zisiirithi. Usipoweka, kivinjari utakachokizindua kutoka ndani ya programu kitarithi kufuli hiyo, na mtumiaji akifunga programu yako hataweza kuifungua tena mpaka afunge na kivinjari. Hitilafu ya namna hii huripotiwa kwa maneno "wakati mwingine haifunguki", na siku nzima inapotea.

Usiifute faili ya kufuli unapotoka, hata kama inaonekana ni usafi. Tuseme nakala A anaishikilia. B anaifungua lakini hajaiwekea kufuli bado. A anaifuta na kuondoka. B anapata kufuli, lakini ya faili ambayo haina jina tena. C anakuja, anakuta jina halipo, anatengeneza faili mpya na kuiwekea kufuli. B na C wote wanaamini ni wa kwanza. Faili tupu ikibaki haimdhuru mtu.

Mawasiliano sasa. Soketi ya Unix ina kikomo cha urefu wa njia: baiti 108 kwenye Linux, 104 kwenye macOS, na folda ndefu ya mtumiaji huzimaliza haraka. Programu ikianguka, faili ya soketi inabaki na bind, inayoipa soketi anwani yake, inarudisha EADDRINUSE, yaani anwani inatumika. Hapo ndipo kufuli inapolipa gharama zake: kwa kuwa unaishikilia, una hakika soketi hiyo ni mabaki, basi ifute na ufanye bind upya. Kwenye Windows tumia bomba lenye jina, ukiweka PIPE_REJECT_REMOTE_CLIENTS ili kukataa mashine nyingine. Majina ya mabomba hayatenganishwi kwa vikao, kwa hiyo tia utambulisho wa mtumiaji na namba ya kikao ndani ya jina. Bandari ya TCP kwenye 127.0.0.1 inavutia kwa urahisi wake, lakini mtumiaji yeyote wa mashine anaweza kuigonga, na programu nyingine inaweza kuwa imeshaikalia.

Kuna upenyo kati ya kupata kufuli na kuanza kusikiliza, na mwingine wakati wa kufunga, programu ikiwa mguu mmoja ndani, mwingine nje. Nakala ya pili isikate tamaa kwa jaribio moja. Izunguke kila milisekunde 50 kwa sekunde 5, na kila mzunguko ijaribu kufuli kwanza, kisha bomba. Ikipata kufuli, inageuka kuwa ya kwanza na kuendelea na faili iliyopewa.

Ujumbe wenyewe uanze na baiti 4 za urefu, kisha data yenyewe kwa muundo wa maandishi wa JSON, katika UTF-8. Usomaji mmoja hauhakikishi ujumbe mzima. Soma mpaka urefu utimie, na kataa chochote kinachozidi, tuseme, megabaiti moja. Ndani weka namba ya toleo la itifaki, kwa sababu siku ya kusasisha, nakala mpya itazungumza na ya zamani ambayo bado iko wazi. Weka pia njia kamili za faili. Aliyeandika "ripoti.txt" kwenye terminali alimaanisha folda aliyokuwamo, na nakala ya kwanza iko kwenye folda nyingine kabisa. Ubadilishaji huo ufanywe na nakala ya pili, kabla ya kutuma.

Dirisha kutokuja mbele si hitilafu ya bomba. Windows huzuia mchakato wa nyuma kujitokeza wenyewe. Ruhusa anayo yule aliyebofywa. Nakala ya pili ipate namba ya mchakato wa mwenzake kwa GetNamedPipeServerProcessId, impe ruhusa kwa AllowSetForegroundWindow, ndipo itume. Vinginevyo mtumiaji ataona ikoni inamemeta tu chini. Kwenye Wayland, mfumo wa madirisha wa Linux, chukua thamani ya XDG_ACTIVATION_TOKEN, ambayo ndiyo ruhusa ya kuja mbele, na uitume ndani ya ujumbe.

Wanaotumia Electron wana requestSingleInstanceLock na tukio la second-instance. Wa GTK wana GApplication. Kwenye Qt unganisha QLockFile na QLocalServer, lakini ita setStaleLockTime(0): chaguo-msingi ni kuihesabu kufuli kuwa mabaki baada ya sekunde 30, na programu ya dirisha huishi zaidi ya hapo. macOS hujisimamia yenyewe kwa faili zinazofunguliwa kupitia Finder, ingawa amri ya "open -n" huupita usimamizi huo.

Jaribu kwa kuzindua nakala 20 kwa pamoja na kuhesabu: mchakato mmoja, faili 20. Rudia huku ukiiua ya kwanza kwa kill -9 katikati. Kisha igandishe kwa kill -STOP na ubofye faili. Utaona connect imefaulu na hata kuandika kumefaulu, maana kerneli imepokea kwa niaba ya mchakato uliolala. Kinachokosekana ni jibu tu. Usipolisubiri, nakala ya pili itaondoka na sifuri, alama ya mafanikio, huku faili haijafunguliwa popote. Ukilisubiri kwa sekunde 5, unaweza kumwambia mtumiaji kwamba programu imekwama na kumuuliza kama aifunge kwa nguvu.