Baba amepasuliwa ini kwa matundu madogo: tutarajie nini?

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana miaka 63. Alikatwa saratani ya utumbo mpana, na miezi 18 baadaye ikaonekana imefika kwenye ini. Mwezi uliopita aliondolewa vivimbe viwili kwa upasuaji wa matundu madogo. Baba mdogo anashikilia kwamba tungekubali afunguliwe tumbo angeishi zaidi. Je, ni kweli? Na ana miaka mingapi mbele yake? Nimeambatanisha picha ya ripoti. (Binti, Mbagala)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Baba mdogo ana uchungu wa ndugu yake, lakini hapo amekosea. Mjini Oslo, wagonjwa 280 wenye tatizo kama hili waligawanywa kwa kura: waliofanyiwa kwa matundu madogo na kuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa asilimia 54, na waliofunguliwa tumbo asilimia 55. Tofauti ilikuwa kwenye matatizo ya baada ya upasuaji, asilimia 19 dhidi ya 31.

Umri wa kuishi unategemea zaidi tabia ya saratani yenyewe. Mwaka 1999 Yuman Fong na wenzake wa New York, kwa kumbukumbu za wagonjwa 1,001, walihesabu alama moja ya hatari (zikiwa nyingi, hali ni mbaya zaidi) kwa kila jambo kati ya haya: mitoki ya utumbo kuwa na saratani, ugonjwa kuonekana kwenye ini kabla ya miezi 12, kivimbe zaidi ya kimoja, kivimbe kuzidi sentimita 5, na kipimo cha damu cha CEA kuzidi 200. Ripoti yako inasema mitoki 2 kati ya 14 ilikuwa na saratani, kivimbe kikubwa kina sentimita 3, na CEA ilikuwa 38. Baba ana alama 2, kundi ambalo asilimia 40 walifika miaka 5.

Usiigeuze namba hiyo kuwa hukumu. Wagonjwa hao walipasuliwa kati ya 1985 na 1998, kabla ya dawa nyingi za leo, na waliofika miaka 5 walikuwa wengi zaidi kati ya wenye alama 4 kuliko wenye alama 3, jambo linaloonyesha jinsi kipimo hiki kinavyoyumba. Tena hakigusi vinasaba vya saratani vinavyoitwa RAS na BRAF, ambavyo navyo huathiri tabia yake na ripoti yako haivitaji.

Muulizeni mpasuaji kama kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, yaani hazina saratani, na baba asikose CEA na picha ya CT kila baada ya miezi 3 hadi 6, kwa sababu saratani ikirudi kwenye ini mapema, mara nyingine hukatwa tena.