Nilisoma Vitabu vya Uongozi, Nikaangushwa kwa Kura 11

Juzi usiku umeme umekatika, nimekaa barazani napunga mbu kwa kipande cha boksi, ujumbe ukaingia. "Kaka shikamoo. Nimepewa usimamizi wa watu tisa kazini, huku Kasulu. Naomba unitajie vitabu vya uongozi, angalau kumi."

Kumi! Nilicheka peke yangu gizani. Mdogo wangu, mimi nilikuwa navyo zaidi ya ishirini kwenye simu, na vyote havikuniokoa siku ya siku.

Nawajua nyie mnaonisoma. Mmoja anautaka umeneja, mwingine anautolea macho udiwani, mwingine anataka afungue duka la pili Mwanga, hapa Kigoma, kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza kwa nini mtu asome. Nianze na aibu yangu.

Mwaka 2023 niligombea uenyekiti wa kikundi chetu cha wauza dagaa hapa Kibirizi. Nilikuwa katibu kwa miaka miwili, na ndani ya miaka hiyo nilisoma kama mtu anayekimbizwa. Nilimsoma Dale Carnegie, kile kitabu chake cha 1936 cha kupata marafiki na kuwavuta watu upande wako. Nikamsoma Stephen Covey na tabia zake saba za 1989. Vingine ni vya waandishi ambao hata majina siyakumbuki, vya kuamka saa kumi alfajiri na kujisemesha kwenye kioo. Nilivipigia mistari. Nikaanza kuongea kama vyenyewe: kila kikao ni dira, dhamira, mkakati. Siku moja mama mmoja mwenye umri wa mama yangu mzazi akanikatiza taratibu, "Mwanangu, hiyo dira unayoisema kila siku ni ya boti gani?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini moyoni nikasema hawa hawajasoma. Hapo ndipo nilipoanza kuanguka, sema sikujua.

Uchaguzi ulifanyika wakati wa mbalamwezi, boti zimelala, watu wote wapo nchi kavu. Ukiniondoa mimi, wanachama 63 walikuwa chini ya mwembe. Nilisimama wa kwanza. Nikaongea dakika arobaini: soko la Dar, vifungashio, nembo, sijui na nini. Nikapigiwa makofi. Nilipokaa tu simu ikaita, mzigo wangu wa magunia sita ulikuwa unasubiriwa kwenye gari. Mke wangu akanivuta shati: "Usiondoke. Mzigo utasubiri." Sikumsikiliza. Nikainuka, nikawaambia wanachama kwa ustaarabu mkubwa wabaki wamsikilize mwenzangu, nami nikadandia bodaboda.

Mwenzangu alikuwa mweka hazina. Hakuwa na hotuba. Alifungua kaunta buku lake la bluu, lile lenye gundi ya karatasi mgongoni, akaanza kusoma jina kwa jina: mama fulani, hisa 14, faini hana, gawio lako mwezi wa kumi na mbili litakuwa kiasi hiki. Akafika kwa aliyefiwa, akasimama, akampa pole upya. Akafika kwa kijana aliyechelewesha mkopo, akaruka tarakimu, akataja jina tu na kumwambia wataongea. Haya nilisimuliwa. Mimi nilikuwa stendi nagombana na utingo.

Niliporudi kura zimeshahesabiwa: 37 kwa 26.

Nilinuna miezi. Nilijitoa kwenye grupu la WhatsApp. Viti vya plastiki wanavyokalia mpaka leo, kumi kati ya hivyo nilinunua kwa hela yangu, na hakuna aliyewahi kukumbuka. Sawa, tuyaache hayo.

Mwaka uliofuata Serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ziwa lipumue na samaki wazaliane. Kwa mtu anayeishi kwa dagaa, miezi mitatu ni mirefu. Chanja zilikauka, mwalo ukawa kimya, kunguru wenyewe walihama. Katika kukaa huko nikafungua sanduku la bati la marehemu baba mdogo aliyesoma Shule ya Tabora, ile ambayo Mwalimu Nyerere naye alisoma akiwa kijana. Chini kabisa, mende wameshatafuna kona, kulikuwa na Juliasi Kaizari.

Mnajua tamthilia ile ya Shakespeare. Mwalimu aliitafsiri, ikatoka 1963, hakuridhika nayo, akairudia, na hiyo ya pili ikatoka 1969 kwa jina hili tunalolijua. Hilo peke yake ni somo, rais wa nchi kurudi kuisahihisha kazi yake mwenyewe. Lakini kilichonitoa jasho ni mazishi. Brutus na wenzake wamemuua Kaizari, mtawala wa Roma, na Brutus anaamini ana hoja. Antony, rafiki wa Kaizari, anaomba naye aongee msibani. Cassius, mwenzake Brutus katika njama, anamvuta pembeni: usimruhusu. Brutus hasikii. Anahutubia kwanza, hotuba safi, inashangiliwa, kisha anawaomba watu wabaki wamsikilize Antony, na yeye anaondoka zake. Anaondoka! Antony anabaki na watu, maiti na wosia mkononi, na wosia unasema kila raia wa Roma apewe drakma 75.

Nilifunga kitabu. Nikaenda kunywa maji. Kaunta buku lilikuwa mbele ya macho yangu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kitabu cha uongozi chenye faida ni kile kinachokuonyesha mtu mwenye akili akiharibu. Vile vya kukusifu, kwamba wewe ni simba uliyelala, viacheni. Hata Carnegie alikuwa ameniambia kwamba hakuna sauti tamu kwa mtu kuliko jina lake, na kwamba umwache mwenzako aongee. Nilikuwa nimepigia mstari mahali hapo, kwa kalamu nyekundu ya kwenye simu! Mweka hazina hakumsoma Carnegie hata ukurasa, ila majina 63 alikuwa nayo kichwani.

Kijana wa Kasulu, tafuta pia Tujisahihishe, kijitabu cha Mwalimu cha 1962. Ni kifupi, utakimaliza kabla ugali haujaiva. Anawasema wanachama wenzake wa TANU wanaoipima hoja kwa kumtazama aliyeisema. Mama wa dira ya boti alisema kweli, nami niliikataa kwa sababu ya kanga yake iliyolowa shombo. Soma hicho mara mbili. Soma tena ukipandishwa cheo.

Halafu soma kitabu cha maisha ya Mzee Mwinyi, Mzee Rukhsa, kilichotoka 2021. Miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Hakuwa yeye aliyeshika rungu. Alijiuzulu. Akapelekwa ubalozi Misri, na 1985 huyo huyo akawa Rais. Mimi kwa kura 11 nilitoka kwenye grupu.

Na cha nne, mtacheka: soma katiba ya kikundi chako na daftari la mihtasari. Mimi katibu mzima nilikuwa siijui ibara ya faini. Vitabu vinne. Soma, rudia, usikimbilie kumi. Jua majina ya watu wako tisa, jua nani ana mgonjwa nyumbani, na kikao kikianza usiondoke.

Juliasi Kaizari siwezi kukuazima, kijana wangu, usiniombe. Mwenyekiti alikiona mezani kwangu mwezi wa pili, akasema anakipitisha macho wiki moja tu. Nimemkumbusha mara tatu. Jana kanijibu amefika pale Brutus anaposimama kuhutubia, na amependa sana hotuba yake.